Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Ukaguzi usiishie kwenye breki na taa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi umeme wa magari. Swali ninaloulizwa mno baada ya ajali ni hili: "Mbona eabegi hazikufunguka?" yaani ile mifuko ya hewa inayojaa ghafla kumkinga mtu gari linapogonga. Huniuliza mtu mwenye bendeji usoni, au ndugu wa mtu asiyeweza tena kuuliza.

Mara nyingine jibu ni kwamba hazikupaswa kufunguka. Kompyuta ya eabegi haiangalii bati limebonyea kiasi gani. Hupima mwendo unavyokatika ghafla, na huamua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Gari likigongwa nyuma au ubavuni, eabegi ya usukani huweza kubaki imelala bila hitilafu yoyote. Mkanda nao unahesabiwa. Kwenye magari mengi, aliyejifunga huwekewa kiwango cha juu zaidi cha kufungulia eabegi, sawa na kugonga ukuta kwa kilomita 25 hivi kwa saa, maana chini ya hapo mkanda unatosha. Kinachowachanganya watu zaidi ni gari dogo kuingia uvunguni mwa lori. Bati laini la juu hukunjika, mwendo hupungua polepole kuliko kompyuta ilivyopangiwa, na kioo tayari kiko usoni.

Hayo sikulaumu, Mheshimiwa. Nakuandikia kwa sababu ya magari ambayo eabegi zake zilipaswa kufunguka, ila zilikuwa zimekufa zamani. Waya wa ndani ya usukani umekatika. Soketi ya chini ya kiti imeliwa na kutu baada ya maji kuingia. Au gari lilishagonga, eabegi zikatoka, na aliyelitengeneza akafunika tundu kwa kifuniko kipya, akaunga rezista, kidude kidogo cha kuzuia umeme, ili kompyuta idhani eabegi ipo. Nimewahi kufungua usukani wa aina hiyo nikakuta sponji. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa amelinunua kwa imani, na miezi yote hiyo amekuwa akipakia watoto wake.

Watengenezaji nao hukosea. Mwaka 2014 kampuni ya magari ya General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza, injini ikazimika na eabegi zikazimika nayo. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Ninachoomba ni hiki. Mkaguzi awashe swichi na kuitazama taa ya eabegi: iwake sekunde chache, kisha izime. Isiyozima ni hatari, na isiyowaka kabisa ni hatari zaidi, kwa kuwa huenda mtu ameichomoa asijulikane. Lakini rezista huidanganya taa, huidanganya hata mashine ya kupimia. Kwa hiyo gari lolote ambalo eabegi zimewahi kutoka liandikwe hivyo kwenye kadi yake, na lisirudi barabarani mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi pamoja na namba za eabegi alizofunga.

Na ajali ikiua mtu, kompyuta ile isomwe kabla gari halijauzwa chuma chakavu. Mara nyingi imehifadhi mwendo, mkanda na amri iliyotoa. Familia nyingi huzika bila kujua kwamba jibu lao lilikuwa chini ya dashibodi.

Niko tayari kuwafundisha wakaguzi wako kuisoma, kwa mashine yangu na bila malipo.

Wako mtiifu,
Fundi umeme wa magari