Barua ya kufunga shule: kompyuta bila kompyuta

Wazazi na walezi wetu, hamjambo,

Tunafunga Ijumaa saa sita. Ripoti fomu mtoto atakuja nayo, tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya hiyo fomu, na mwenye balansi ya fizi apitie kwa basari tuongee vizuri, hakuna mtu atafukuzwa.

Sasa kuna hii maneno imefanya simu yangu ilie muhula mzima. Mtoto anafika nyumbani anasema leo tulisoma kompyuta, mzazi anauliza mliguza kompyuta gani, mtoto anajibu ati tulicheza na vifuniko vya soda. Basi hapo napigiwa: mwalimu, kwani pesa yetu inaenda wapi?

Jameni, kompyuta zinazowaka ziko 4. Gredi ya 5 peke yake wakipanga laini, wa mwisho anafika kengele imelia, na hiyo ni kama stima haijapotea. Kwa hivyo Madam wao alianza njia inaitwa CS Unplugged, yaani sayansi ya kompyuta bila kompyuta, ilianzia New Zealand miaka ya 1990 na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Canterbury, Tim Bell, na wenzake. Mtoto anafunzwa vile kompyuta inafikiria, hizo kubonyeza atabonyeza baadaye.

Hata mimi nilikuwa na shaka, nikaenda kuketi nyuma ya klasi. Mtoto alipanga vifuniko 25 kwa meza, laini 5 za 5, vingine rangi juu vingine chini, vile anataka. Madam akaongeza safu moja kando na moja chini, vikawa 36, akasema haraka haraka ati ni ya kufanya iwe ngumu zaidi. Akaangalia ukuta, mtoto akageuza kimoja, Madam akarudi akakiguza hicho hicho! Nikasema huyu anachungulia kwa kioo cha dirisha. Nikamtoa nje mpaka stafrumu, nikageuza mwenyewe, akarudi akasimama midomo ikihesabu, akakiguza tena.

Aliyenifungua macho ni kasichana kamoja ka mbele: "Mwalimu, si uhesabu zenye rangi, kila laini lazima kila moja iwe na mwenzake." Yaani zile za kuongeza ndizo siri, zinawekwa ili kila laini, ya kulala na ya kusimama, iwe na vifuniko 2, 4 au 6 vya rangi juu, au isiwe navyo kabisa. Ukigeuza moja, laini mbili zinaharibika, na pale zinakutana ndipo mwizi alipo. Kompyuta nazo zinatumia ujanja kama huu kujua ujumbe umeharibika njiani.

Tulichora pia njia za chaki uwanjani, watoto 6 wenye namba wanatembea, wakikutana wawili mwenye namba ndogo anaenda kushoto mwenye kubwa kulia, wakifika mwisho wamejipanga bila mtu kuwaambia. Siku ya kwanza wawili walibishana nani mdogo wakachukua njia isiyo yao, mpangilio ukatoka ovyo, na kabla turudie mvua ikaosha kila kitu.

Likizo msiwanunulie simu kwa sababu ya hii somo, tafadhali. Wapeni pakiti ya unga, nayo ina ujanja wa kushika makosa kama ule wa vifuniko. Angalieni zile namba, ziko 13, chini ya zile laini nyeusi, vitu vingi vya Kenya zinaanza na 616. Ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu mjumlishe. Jibu lazima liishie na 0. Mimi nilijaribu na ya kwangu ikakubali, nikabadilisha namba moja makusudi ikakataa, bibi yangu akaniuliza kama ugali itapikwa leo ama kesho.

Siku ya kufungua kila mtoto wa gredi ya 4 na 5 aje na vifuniko 36, hata viwe vimekunjika kidogo ni sawa. Lakini vioshwe, hivi vya sasa vilileta siafu kwa kabati ya Madam.

Wenu,
Mwalimu Mkuu