Mdogo wangu, kifunike ukiache

Mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Umesema chungu cha umeme nilichokupa, kile cha kupikia taratibu kwa saa nyingi (slow cooker), kimekushinda, nyama imetoka inavuta kama mpira, karoti hazitafuniki, supu maji matupu, afu ukamalizia kwamba mtu mmoja kupika ni kujisumbua tu, bora mkate na chai ukalale. Hilo la mwisho ndo limenikaa moyoni. Nimeamua nikuandikie, na naandika hapa wazi kwa sababu najua mko wengi, mnakaa peke yenu au wawili, mnarudi jioni mmechoka, jiko mnalitazama mnapita.

Kosa la kwanza ni langu, sio lako. Nimekupa chungu cha lita 6, cha kulishia watu saba nane, na we uko mwenyewe. Vile vyungu moto wake mwingi unatokea kwenye ganda la nje, unazunguka kuta za lile bakuli zito la ndani, kwa hiyo chakula kinatakiwa kifike angalau nusu ya bakuli, kisizidi robo tatu. We ulivyoona nyama imelala chini kabisa na nafasi kubwa imebaki, ukamimina maji mpaka yakafika nusu, mtu yeyote angefanya hivo, ila maji yote hayo nayo lazima yapate moto kwanza ndo nyama ianze kuiva, na we ukakiacha saa 4 tu kwenye moto mdogo, tena unafungua kila saa. Isingeiva.

Kwa mtu mmoja au wawili chukua cha lita 1.5 mpaka 2, au cha lita 3 kama unapenda kupika cha leo ukabakiza cha kesho. Hicho kikubwa nakuja kukichukua na nakuletea kidogo. Na kuhusu umeme usiogope, hivyo vidogo vinakula kama wati 120 hivi, saa 8 nzima hujamaliza hata uniti moja, wakati birika la umeme linavuta wati 2000 na zaidi kila ukilibonyeza.

Sasa maji. Kwenye sufuria ya kawaida umezoea kuongeza kwa sababu mvuke unaondoka. Humu hauondoki. Siku moja kiangalie kikishakolea, kama mfuniko ni wa kioo utaona matone yamejipanga upande wa ndani, yanavimba, yanateleza mpaka ukingoni yanarudi chini, na pale mfuniko unapokutana na bakuli panakuwa na utepe mwembamba wa maji umeziba kuzunguka pote. Huo utepe ndo kila kitu. Ukifunua umevunjika, joto lote lililojikusanya juu linatoka kwa mpigo, na kukirudisha pale kilipokuwa inachukua kama dakika 20, saa nyingine 30. We umefungua mara nne, piga hesabu. Kwa nyama nusu kilo na mboga zake kikombe kimoja cha maji kinatosha, nyama yenyewe inatoa maji, vitunguu vinatoa, nyanya zinatoa, mpaka mwisho unakuta mchuzi umeongezeka.

Kuacha chakula peke yake ndo wazo lililozaa hiki chombo. Aliyekibuni, Irving Naxon wa Chicago, alikuwa anasimuliwa na mama yake jinsi kwao Lithuania Wayahudi walivyokuwa wanapeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la mkate Ijumaa jioni kabla Sabato haijaingia, mkate umeshatoka, moto unazimika taratibu, chungu kinalala humo usiku kucha na kesho yake wanakula bila mtu kugusa moto. Yeye akataka chungu kinachofanya hivo kwa umeme, akapata hataza yake (patent, haki ya ubunifu wake) mwaka 1940. Hakuna aliyekuwa anaamka usiku kwenda kufunua.

Nyama nayo ulichagua kwa nia njema ukapotea. Umenunua ile laini, isiyo na mafuta wala mishipa, ukidhani itaiva haraka. Hiyo ni ya kukaanga dakika chache, humu inakauka inakuwa nyuzi nyuzi. Chukua shingo, muundi, mkia, zile zenye ngozi ngozi nyeupe katikati ambazo watu wanaziepuka. Ile nyeupe ikikaa kwenye joto kwa saa nyingi inayeyuka, inakuwa ute, inaupa mchuzi uzito bila kuongeza unga. Saa ya 5 ukichoma na uma utaona nyama inagoma, utasema imeharibika, haijaharibika, bado tu. Saa ya 8 uma unazama wenyewe na kipande kinaachana na mfupa.

Karoti na viazi viende chini, nyama juu. Najua inaonekana kinyume ila mboga za mizizi humu zinachelewa kuliko nyama, kwa hiyo zikae karibu na moto, zikatwe ndogo na zilingane. Kitunguu mi nakikaanga kwanza pembeni mpaka kipate rangi, na nyama naigeuza geuza kwenye kikaango dakika tano, sio lazima ila ladha ni nyingine kabisa. Maziwa au krimu weka nusu saa ya mwisho, ukianza nayo yanakatika.

Na moto mkubwa na mdogo usikuchanganye, vyote mwishoni vinafika karibu joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka, tofauti ni mwendo tu. Saa 4 za moto mkubwa ni kama saa 8 za mdogo.

Hapa nisikilize vizuri maana sio suala la ladha tena. Maharage mekundu makavu usiyatie humu mabichi, hata kama umeyaloweka. Yana sumu yake ya asili, lektini, na inakufa kwa kuchemka kwelikweli, sasa chungu hiki kinaweza kisifike huko, na joto la katikati, kwenye nyuzi 80 hivi, linaweza hata kuifanya kali zaidi. Maharage manne matano tu yasiyoiva yanatosha kukutapisha na kukuendesha ndani ya saa chache. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, yachemshe kwenye jiko la kawaida na maji mapya, yatokote dakika 10 kwa uchache, mi naenda mpaka 30, ndo uyahamishie kwenye chungu. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa.

Nyama iliyoganda nayo hapana. Itoe friza usiku uliotangulia ishuke kwenye friji, kwa sababu ikiingia na barafu inakaa muda mrefu kwenye lile joto la kati, nyuzi 5 mpaka 60, ambalo bakteria wanalipenda. Kiporo pasha kwenye jiko kichemke, usikipashie humu. Na ukirudi ukakuta umeme ulikatika na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga, hata kama kinanukia, nakuomba sana. Ukiwa nyumbani ukaona umekatika, hamishia kwenye gesi umalizie hapo hapo.

Bakuli likiwa la moto usilitie maji ya baridi. Langu la kwanza lilipasuka hivo, mstari mmoja toka ukingoni mpaka chini, na mchuzi wote ukaishia kwenye ganda.

Jumamosi hii uko nyumbani, anza siku hiyo ili uwe karibu nacho. Nitakuwa nimekuletea kile kidogo Ijumaa. Saa mbili asubuhi weka karoti na viazi chini, nyama ya shingo juu, kitunguu, nyanya mbili, chumvi, kikombe cha maji, washa moto mdogo, funika, endelea na kazi zako. Harufu itaanza kutoka kama saa sita sita hivi, hapo ndo utatamani kufungua. Usifungue. Saa kumi choma na uma, ukikuta inavuta bado funika ukipe saa nyingine, ikikubali pakua sahani yako kabisa, kaa mezani, kinachobaki gawa kwenye kontena mbili za friza, moja ya Jumanne na moja ya siku utakayochoka zaidi.

Nitumie picha.

Dada yako