Bamba la uso halinyooshwi na hesi

Mhariri,

Mafundi wengi huamini kuwa hesi (mikunjo ya skrubu) ndizo zinazoliweka bamba la uso, yaani sahani ya chuma ya kufungia kazi, katikati ya spindo (mhimili unaozunguka) ya mashine ya kukerezea. Sivyo, hesi huvuta tu. Kinacholiweka katikati ni shingo laini, sehemu ya spindo isiyo na hesi, na kinacholinyoosha ni bega, ukingo wa spindo ambao bamba huuegemea. Chenga (chembe ya chuma) ya milimita 0.05 ikinasa ukingoni mwa bega la kipenyo cha milimita 50, bamba la milimita 250 litayumba milimita 0.25.

Piga brashi hesi zote, za ndani ya bamba hasa, futa bega, tia tone la mafuta, kisha zungusha bamba kwa mkono, mota imezimwa. Likigota kwa kishindo, kulifungua ni balaa.

Pima myumbo kwa saa ya kipimo (kifaa chenye mshale) kabla ya kuparuza uso wa bamba kwa kisu cha mashine. Ukikimbilia kisu, litanyooka siku hiyo tu. Chenga ikitoka, linayumba upya.

Mkereza vyuma