Kabla ya kumchapa, ulizeni kama amekunywa uji

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu jambo lililosemwa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu, maana pale muda haukunitosha. Mzazi mmoja alisimama akasema darasa la awali limegeuka soko kwa sababu siku hizi walimu tunaogopa fimbo. Akapigiwa makofi.

Mwalimu wa darasa hilo ni mimi, hapa Handeni, mwaka wa 11 sasa. Nina watoto 83. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo kelele sizikatai. Ukiwapa mgongo uandike irabu moja tu ubaoni, vizibo vya soda vya kuhesabia vimeshaanza kuruka. Na hiyo fimbo, kanuni za mwaka 2002 zimemwachia mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, tena kwa kosa kubwa, tena visizidi viboko vinne. Mtoto wa miaka mitano akirusha kizibo, kosa kubwa liko wapi?

Ila aliyeninyima usingizi hakuwa wa vizibo. Ni kijana wangu mmoja, asubuhi mpole, anaimba kuliko wote, halafu mara anang'ata. Anang'ata kweli, mpaka meno yanabaki yamejichora kwenye mkono wa mwenzake. Nikamkalisha mbele karibu yangu. Nikamhamishia kona ya michezo. Nikampa cheo cha kugawa chaki. Wapi!

Ndipo nikaanza kuandika saa, nyuma kabisa ya daftari la mahudhurio. Wiki tatu, aling'ata mara tisa. Mara nane ilikuwa baada ya saa nne na nusu, watoto wakitoka kwenye uji.

Yeye uji hanywi. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula kilibaki juu ya mzazi, na kamati yetu ikaamua kwamba asiyeleta mahindi na hela ya kuni, mwanawe asipange foleni. Hao huwa ishirini na kitu. Wanakaa chini ya mwembe wakiangalia vikombe vya wenzao, kisha wote wanarudi kwenye mkeka mmoja, namna walivyobanana, nami nawaambia watulie tuhesabu. Na anayesoma majina ya wasiolipiwa ni mimi. Kikaoni sikulisema hilo.

Nilitoa debe mbili za mahindi nyumbani kwangu, mume wangu akanuna siku mbili. Tangu hapo wanakunywa wote. Kijana wangu ameng'ata mara moja tu, na siku hiyo aligombea gari la makopo, ugomvi ambao hata aliyeshiba angeingia. Kelele ziko palepale. 83 ni 83, na hilo halimalizwi na uji wala fimbo.

Debe la mwisho sasa limebaki nusu. Naiomba kamati ikutane kabla halijaisha, iwatoe watoto wa awali kwenye orodha ile. Deni adaiwe mzazi. Ana simu, na nyumbani kwake panajulikana.

Mwalimu wa awali,
Handeni, Tanga