Mwaju, ongea na Shaban kabla hajauza kiwanja

Mwaju shoga yangu, habari za Tabora, Mwalimu na watoto hawajambo? Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Sisi huku Ujiji tupo, kimya changu usikichukulie vibaya, hapa nyumbani kumevurugika na wewe ndo naona unaweza kunisaidia.

Baba Rama alidondoka na bodaboda akajigonga kichwa. Wakampiga siti skani waangalie kama damu imevujia ndani, damu hakuna, fuvu zima, ila daktari akasema ameona kitu kingine ambacho hata hakihusiani na ajali, uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile inayotoa homoni kichwani. Shoga, miguu iliniisha nguvu palepale. Tukapanda treni mpaka Dar akapigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, uvimbe ukakutwa na milimita 6.

Sasa Shaban kusikia "uvimbe kichwani" basi, kashasema kiwanja cha Gungu kiuzwe kaka yake apelekwe India akapasuliwe. Najua ni mapenzi, simlaumu. Lakini Mwaju, daktari hajasema apasuliwe! Alituchorea kwenye karatasi, tezi yenyewe ni kama punje ya harage, imekaa chini ya ubongo nyuma ya pua, na juu yake ndo inapita ile mishipa ya macho. Wa Baba Rama upo mbali na mishipa, tena si kansa. Damu walichukua chupa kibao kupima homoni, prolaktini, kotisoli, thairoidi, zote ziko sawa, maana yake uvimbe haumwagi homoni wala haujaibana tezi. Akasema watu wengi wanavyo hivi vivimbe na hawajui, hata waliokufa kwa mambo mengine wakichunguzwa, karibu mmoja kati ya 10 anakutwa nacho. Vilivyo chini ya milimita 10 vingi vinabaki vilevile miaka na miaka, vingine vinasinyaa vyenyewe, vinavyokua ni kama kimoja kati ya 10. Vikubwa ndo wanavihofia zaidi, hivyo wanarudia MRI baada ya miezi 6. Sisi tumeambiwa turudie baada ya mwaka, usipokua wataendelea kuuangalia kwa kuachia nafasi.

Upasuaji wanapitia puani, na tezi inaweza kuumia humohumo mtu akabaki anameza dawa za homoni maisha yake yote. Sasa mtu anakula migebuka yake vizuri, analala, anaamka kwenda kazini, umpasue kwa sababu tumeogopa?

Usiku ndo pagumu kwangu. Juzi nimemkalisha kitandani nikamwambia aniangalie puani, nikawa nachezesha vidole pembeni huku na huku, maana ukikua ukafika kwenye mishipa, macho yanaanza kupoteza pembeni. Akaviona vyote, akaniambia mama Rama lala. Na tumeonywa kwamba kichwa kikija kumuuma ghafla, maumivu makali ambayo hajawahi kuyapata, na kutapika au macho kuingia giza, hiyo si ya kumpa panadol tukasubiri asubuhi, ni hospitali muda huohuo. Rama nimemwambia, na jirani mwenye bajaji pia.

Kwa hiyo Shaban namuomba kiwanja akiache, kama hela anayo basi tuiweke ya MRI ya mwakani na nauli ya Dar, hiyo ndo inahitajika kweli. Mimi nikiongea anaona namzuia kwa kuwa ni shemeji tu. Mwalimu anamsikiliza, si unajua.

Mwalimu anaweza kumuona kabla ya Ijumaa? Huyo mnunuzi kashatoa hela au bado ni maneno? Bi Hadija ameshasikia, na nani kamwambia? Na wewe presha yako vipi, dawa unameza? Nipigie usiku, Baba Rama akishalala.

Ni mimi,
Mama Rama