Risala ya Kikundi cha Watu Wenye Ulemavu Walioathiriwa na Mafuriko Mathare kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, wazazi na walezi, hamjambo?

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha Mathare kwa furaha isiyo kifani. Kuteremka mwenyewe hadi huku bondeni, pamoja na shughuli zako zote, ni heshima kubwa kwetu.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa baada ya mafuriko ya Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika usiku watu wakiwa wamelala. Mwezi uliofuata matingatinga yakabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Viti vya magurudumu, mikongojo na fimbo nyeupe vilikwenda na maji. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno: tuna chama cha kuweka na kukopa, tunatengeneza sabuni ya maji ambayo sifa zake zimevuka Juja Road, na tuna sufuria kubwa ya kikundi.

Changamoto ni nyingi, lakini leo tumekubaliana kutaja moja tu, nayo ni chakula.

Msaada ulikuja, na tunawashukuru waliouleta. Ila uligawiwa juu barabarani, kwa foleni. Mwenye kiti cha magurudumu atapandaje vichochoro vyenye ngazi na mitaro? Tangazo lilipitishwa kwa kipaza sauti, kiziwi akabaki nyumbani hana habari. Asiyeona alifika akasukumwa hadi mwisho. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kumwacha peke yake, wala hawezi kumbeba pamoja na mzigo. Tukamtuma jirani, akaambiwa mwenyewe aje na kitambulisho. Kitambulisho kilichukuliwa na mto!

Na hata kilichotufikia kilikuwa mahindi na maharagwe makavu, ya kuchemshwa saa nyingi, kwa makaa tunayonunua kwa mkebe. Watoto wetu wasioweza kutafuna hawali githeri, Mheshimiwa. Wanakunywa uji.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaagiza tulindwe wakati wa majanga. Kwa hiyo tunaomba kwa heshima, na tunaomba tukijua haki yetu.

Wageni waliokutangulia walisimama hapo hapo ulipo. Majina yetu yaliandikwa, tukapigwa picha tukiwa tumeshika pakiti za unga, tukaahidiwa siku yetu ya ugawaji. Tulingoja, na bado tunangoja. La hasha, hatukulaumu wewe. Lakini mvua ndefu hurudi kila Machi, na ahadi haipikiki.

Tunaomba chakula kiletwe hadi mlangoni: unga wa ugali, unga wa uji na mafuta ya kupikia. Vijana wetu wa mkokoteni wako tayari, wakilipiwa tu jasho lao. Tunaomba jirani anayeaminika aruhusiwe kumpokelea asiyeweza kutoka, na viziwi wapelekewe habari kwa lugha ya ishara. Orodha tumeiandaa nyumba kwa nyumba, na mwenyekiti atakukabidhi sasa hivi, ili asije mtu mwingine kutuandika upya.

Mheshimiwa, katika hotuba yako tunakusihi ututajie tarehe. Katibu ataiandika, na mkalimani atawafikishia wenzetu viziwi neno kwa neno.

Asante sana.

Ni sisi wanachama.