Somo, ukija tuwahi bendi ya mwanzo

Rathmines, Dublin
Jumapili usiku, Desemba

Somo yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara mbili nipate maana, ya tatu kwa ajili ya kile kicheko chako tu. Eti nani kakwambia siku hizi mimi ni mtu wa magitaa? Ni kweli, somo. Mimi niliyekuwa nikiziba masikio kaka zangu wakipiga kanda zao barazani, sasa hakuna mwezi unaopita bila tiketi, na mwezi ukiwa mgumu nina tiketi na nakula dengu.

Nimesikia pia umeshajipangia: ukija Februari nikupeleke ule ukumbi mkubwa ulioona kwenye simu. Ngoja kwanza. Ule unaitwa 3Arena, uko mwisho kabisa wa tramu nyekundu. Zamani ilikuwa bohari ya reli, leo wanaingia watu 13,000. Nimekwenda mara mbili. Nilipandishwa juu huko, mwimbaji nikamwona kama punje ya mchele, nikaishia kumtazama kwenye skrini, na skrini ninayo kwangu, tena na blanketi. Bei ya tiketi ile moja ingetuingiza wewe na mimi kumbi ndogo, na chipsi tukala.

Ninakotaka kukupeleka ni Whelan's, Wexford Street. Kwa nje utaona baa ya kawaida, utasema somo kanipotosha. Unaipita baa, unafika mlango wa ndani, ndipo unapokuta ukumbi: wanajaa watu mia nne hivi, kuna roshani juu, na jukwaa liko karibu hivyo kwamba mpiga gitaa akitokwa na jasho unaliona linavyodondoka. Muziki unapigwa humo tangu 1989. Ghorofani wana chumba kingine kidogo zaidi, cha bendi ambazo hata mama zao hawajazisikia. Mimi chumba hicho ndicho nikipendacho.

Sasa nikupe kisa cha mara yangu ya kwanza, ucheke tena. Tiketi imeandikwa saa mbili usiku. Mimi mtu wa pwani lakini nimeshakaa ugenini, nikasema hawa wenzetu saa yao ni saa. Saa mbili kasorobo niko mlangoni, nimejipamba, viatu vya wazi. Mlinzi akaangalia mkoba, akanipiga muhuri wa wino mgongoni mwa mkono. Kuingia ndani, watu hawafiki ishirini! Nikadhani nimekosea siku. Kumbe ile saa mbili ni ya kufungua mlango. Wenyewe wenye tamasha hupanda saa tatu na nusu, na watu wengi huja muda huo huo, wakiwa wameshakunywa vyao.

Lakini kabla ya wenyewe kuna bendi ya mwanzo, ya kupasha ukumbi. Usiku ule walikuwa vijana watatu, mmoja msichana kwenye dramu, kafunga nywele kwa kamba ya kiatu. Hawana jina. Wanapigia watu ishirini na sakafu tupu. Somo, walipiga kama vile mbele yao uko uwanja mzima. Wimbo wa nne ulikuwa wa polepole, yule msichana kaweka fimbo chini akaimba peke yake, na mimi mwili ukasisimka, nywele za mkono zikasimama.

Wewe unajua kwetu inavyokuwa. Wimbo ukikuchoma unainuka, unakwenda na noti yako taratibu, unamtuza mwimbaji mbele za watu, na wenye masikio wanajua ujumbe umemwendea nani. Basi mkono ukaingia mkobani wenyewe, noti ya euro 5 ikawa kiganjani. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hakuna anayeinuka. Kuna mbaba mmoja kashika glasi anatikisa kichwa, basi. Nikaikunja noti, nikakunja na mikono. Hata sasa nikikumbuka naona haya kama vile nilimnyima mtu haki yake.

Walipomaliza hakuna aliyewasaidia. Walikunja waya wao wenyewe, wakabeba ngoma zao wenyewe, na baada ya robo saa nikawakuta nyuma ya ukumbi wamesimama kwenye meza ndogo, wanauza fulana na santuri. Naam, santuri, zile za babu, zimerudi. Nikamuuliza mpiga gitaa, mbona mnauza nyie wenyewe? Akanambia wanacholipwa kupasha ukumbi hakitoshi hata petroli ya kurudi kwao, meza hii ndiyo inayowarudisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutuza hata huku kupo, ila kunafanyika gizani nyuma, na unarudi na kitu mkononi. Nikanunua fulana, imenibana, na sikuvaa hata mara moja. Iko kabatini. Ni tuzo ile, si nguo.

Tangu siku hiyo sijachelewa bendi ya mwanzo. Watu hawa wanaosubiri baa mpaka saa tatu na nusu nawaonea huruma. Waayalandi wenyewe wana kumbukumbu ya jambo hili ambayo ingetosha kuwatia adabu. Mwaka 1981 walianza kufanya matamasha makubwa kwenye ngome ya Slane, kaunti ya Meath, kando ya mto Boyne, mahali pana mteremko kama bakuli panapoingiza watu 80,000. Mwaka ule wa kwanza wenye tamasha walikuwa Thin Lizzy, bendi ya roki ya hapa Dublin. Na miongoni mwa waliowapashia uwanja walikuwa U2, hao ambao leo dunia nzima inawajua! Miaka 20 baadaye, 2001, U2 hao hao walirudi pale kama wenyewe, siku mbili. Kuna watu 1981 walikuwa bado wako foleni ya bia.

Na siku hizi ni hivyo hivyo. Fontaines D.C., vijana waliokutana chuo cha muziki hapa Dublin, walitoa albamu ya kwanza 2019, wakiimba kwa lafudhi ya hapa hapa bila kumuiga Mmarekani. Sasa wanajaza viwanja. Kazini, kwenye basi, kila mtu atakuapia kwamba aliwaona zamani kwenye chumba cha watu hamsini. Nimewahesabu hao watu hamsini, wameshafika mia tatu.

Huyo kiongozi wa Thin Lizzy nitakupeleka ukamwone. Phil Lynott, mwanamume mweusi, mama Muayalandi, baba kutoka Guyana, amelelewa na bibi yake mtaa wa Crumlin hapa Dublin. Alikuwa anapiga besi na kuimba, na ndiye aliyekuwa mbele. Amefariki Januari 1986 hajafika miaka 37. Sanamu yake ya shaba ipo Harry Street, pembeni ya Grafton Street, tangu 2005, amesimama na gitaa lake. Miezi yangu ya mwanzo huku, nilipokuwa naona kila mtu ananitazama, nilikuwa napita pale makusudi. Simsalimii, napita tu.

Kuna na la kuchekesha zaidi. Ule wino wa muhuri hautoki kwa sabuni, unakaa siku mbili kama hina mbaya. Asubuhi niko kazini, nyumba ya wazee, namvisha soksi mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya chai na dirisha. Akauona mkono wangu. Akaushika. Akaniuliza, jana ulikuwa wapi? Nikamwambia. Somo, mzee akafunguka kama bomba! Alikuwako Slane Julai 1986, ilipokuja Queen, bendi ya Uingereza, yeye na mkewe, na kiatu kimoja cha mkewe kilibaki kwenye matope mpaka leo. Ananionesha kwa mkono jinsi mwimbaji wao, Freddie Mercury, alivyokuwa anawaimbisha watu, anaimba sauti moja, uwanja unajibu. Nikamwambia, mzee wangu, huyo ni mtoto wa kwetu, kazaliwa Unguja 1946. Akakataa katakata: huyo ni wa London. Ikabidi nimtolee simu, nimsomee. Akanyamaza muda mrefu, mguu mmoja una soksi na mmoja hauna. Wiki iliyofuata wazee wote wa ile ghorofa walikuwa wanajua mimi ni mpwa wake Freddie, na kuna bibi hadi leo hali uji mpaka nimwimbie. Naimba za kwetu, yeye anadhani ni za Queen.

Unaniuliza watu wenyewe wakoje, mtu wa hijabu anakaaje humo. Mimi nasimama ubavuni, kulia kwa jukwaa karibu na nguzo, si mbele wanakorukaruka. Baa naomba maji ya bomba na barafu, wananipa, hakuna anayeuliza. Kero ni zile glasi zao za plastiki, mtu anapita nazo tatu kwa mikono miwili na zote zinamwagika, kwa hiyo koti zuri liache nyumbani. Kero nyingine ni wale wa nyuma karibu na baa wanaopiga soga wimbo unaendelea. Nimekwenda Olympia, Dame Street, jumba la tangu 1879, roshani zimepambwa kama keki, nimekaa juu, na bado nilisikia mtu ananunua gari kwa mdomo wimbo mzima. Na ndilo jumba walilochagua R.E.M., bendi ya Kimarekani, mwaka 2007, wakakaa usiku tano wakiwajaribishia watu nyimbo mpya. Sijui yule bwana wa gari angewafanyaje.

Lakini ikitokea wakanyamaza, wananyamaza kweli. Mwezi uliopita mwimbaji mmoja alisogea akaiacha maikrofoni, akaja ukingoni mwa jukwaa na gitaa kavu, lisilo na umeme, akaimba kwa koo lake. Aliyekohoa alitoka nje kukohoa. Nilisikia friji ya baa inavyounguruma. Beti ya pili wakaanza kumwitikia, chini chini, kila mtu kama anajiimbia mwenyewe, na hawa watu, somo, wanajua kuitikia, wamekulia kwenye nyimbo za kuimba mezani. Yule mwimbaji akanyamaza akawaachia. Nilikuwa sijui neno hata moja la wimbo ule. Nikaitikia vokali. Kisha taa ikarudi, wakaanza zile “olé, olé” zao za mpirani, wakaharibu kila kitu, lakini ndivyo walivyo.

Saa tano usiku kila kitu kimekwisha. Tunatoka, tunashuka Camden Street, tunanunua chipsi zimemwagiwa siki mpaka karatasi inalowa, tunavuka daraja la Portobello juu ya mfereji, tumefika kwangu. Kwa miguu ni nusu saa, na njia nzima kuna watu.

Mambo ya safari sasa. Ile viza ya Schengen uliyopata kwa ajili ya kumwona dada yako Uholanzi haikufikishi huku, Ayalandi haimo, omba ya Ayalandi mbali na uombe mapema. Sala usiwe na wasiwasi: leo Magharibi imeingia saa kumi na dakika kumi, sijamaliza hata chai ya jioni. Februari Isha inaingia saa moja na kitu, tunaswali nyumbani ndipo tunatoka. Ijumaa nitakupeleka msikiti wa South Circular Road, jengo lake lilikuwa kanisa, utashangaa.

Tiketi niachie mimi. Usinunue kwa mtu mtandaoni hata akikuapia. Mimi kijana mmoja aliniuzia kwa bei mara mbili, nimefika mlangoni mashine ikalia, kumbe keshaiuza kwa watu wanne. Tulisimama wanne pale tunatazamana. Nilikuwa sijui kwamba tangu 2021 kuna sheria inayokataza kuuza tiketi kwa zaidi ya bei yake, kwa kumbi za watu 1,000 na kuendelea. Ningeijua, bei ile pekee ingeniamsha.

Vizibo vya masikio ninavyo, pea mbili, usicheke, utanishukuru.

Kilichobaki ni viatu. Vile viatu vyangu vya wazi vya siku ya kwanza, jitu moja la kilo mia lilirudi nyuma kwa furaha likanikanyaga kidole, ukucha ukatoka baada ya wiki mbili. Kuna duka la mitumba hapa Rathmines lina buti nzuri, ngozi, bei ya kujadilika. Nitumie saizi ya mguu wako, na usinidanganye kama ulivyofanya kwenye harusi ya binamu yangu.

Somo yako